Panya wa Bibi

Nimepotea kidogo, testi zilikaba koo. Juzi usiku hapa hosteli kulikuwa na ligi: watu wa magendo mpakani wafungwe wote au vipi? Rumeti wangu wa sheria akasema wote, hata anayevusha debe moja. Nikakaa kimyaa. Mimi nina bibi Tarime.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha kwanza. Likizo ya mwezi wa tisa nikaenda kwa bibi, karibu na Sirari. Ghala tulilolijaza juzijuzi tu lilikuwa limebaki nusu. Namuuliza, ananijibu, "Panya hao." Panya gani jamani wanakula debe nne kwa wiki, halafu wanarudishia komeo?

Basi nikajifanya mpelelezi. Usiku nikamwaga majivu mlangoni pa ghala. Asubuhi nikakuta alama za yeboyebo, saizi ya bibi kabisa! Siku iliyofuata nikamnyatia hadi mashine ya kusaga. Akatoka na unga, kijana mmoja akaupakia kwenye baiskeli, wakakata kushoto mashambani kuelekea Kenya. Kumbe bibi hakudanganya. Panya kweli, njia za panya!

Mkumbuke mwezi wa sita mwaka ule Rais Magufuli alipiga marufuku kuuza mahindi nje, akasema anayetaka auze unga. Kenya nako unga uliadimika mpaka serikali yao ikaweka ruzuku, pakiti ya kilo mbili shilingi 90 za kwao. Nilipombana bibi akanikazia macho: "Mura, wamekataza mahindi. Huu ni unga. Na anayeula ni dada yangu wa tumbo moja, yuko Isebania."

Sasa hapo ndipo ninapoachana na rumeti. Mstari ule Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, Wakurya wakabaki huku na huku. Leo mchuuzi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Kijijini kwetu nani alikuja kumweleza bibi habari hizo? Lori la magunia mia na baiskeli ya bibi si kesi moja, hata kama kifungu ni kimoja.

Ila simtetei kwa yote. Desemba ghala likawa jeupe, tukala ugali wa udaga mpaka mjomba alipoleta gunia mbili toka Mugumu. Wadogo zangu walilia, hilo silisahau. Angetuambia tungepanga pamoja cha kuuza na cha kubakiza. Tatizo langu jingine ni kwamba hela ya unga ule ndiyo ilininunulia godoro na tranka la bweni. Mpelelezi mwenyewe nimekula mgao!

Jumapili nilimpigia simu nikamuuliza kama panya bado wapo. Akacheka sana. Anasema siku hizi amefuga paka.