Kichwa Kimoja Hakimalizi Ugomvi

Jamani, leo tuongee ukweli. Jumamosi jioni kibanda cha video pale Base Camp kinajaa mpaka mlangoni. Tunalipa, tunabanana kwenye mabenchi, VJ anapaza sauti juu ya filamu, na ikifika pale shujaa ameshikwa mikono na watu wawili, sote tunajua kinachofuata. Anatupa kichwa. Pah! Adui chini kama gunia la posho. Shujaa anajikung'uta vumbi, anaondoka zake. Kibanda kizima kinapiga kelele, na sisi tumo.

Huo ni uongo. Na tumechoka kuubeba uongo huo mpaka kwenye foleni ya maji.

Mmoja wetu aligombana na mwenzake bombani, juu ya jerikeni iliyosogezwa. Wakashikana kola. Akakumbuka sinema, akatupa kichwa. Mwenzake akainua uso kidogo, paji likakuta meno. Yule alipoteza jino moja. Huyu wetu alichanika juu ya nyusi, damu ikamfunika jicho, akakaa chini kwenye matope palepale. Usiku akatapika mara tatu. Tulipomuuliza, akasema: "Nilimupiga kichwa moya tu, juu ya nini mie njo niko nasikia kizunguzungu?"

Asubuhi ndipo tukampeleka kituo cha afya, na kutoka hapo akapelekwa Mbarara. Wiki mbili hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumgonga. Mtihani ukampita. Jerikeni yenyewe ilikuwa ya lita ishirini.

Swali lake ni zuri, tulijibu. Paji la uso, kule juu karibu na nywele zinapoanzia, ni mfupa mnene. Pua ni mfupa mwembamba na gegedu. Kwa hiyo paji likikuta pua, pua inavunjika. Hapo sinema haidanganyi. Lakini sinema inapenda paji kwa paji, halafu mmoja anazimia na mwingine anabaki amesimama. Mfupa uleule, mgongano uleule, inawezekanaje mmoja tu ndiye aumie? Nguvu unayoipeleka inakurudia, hiyo tumeifundishwa sekondari. Ubongo umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Fuvu likisimama ghafla, ubongo bado unakwenda, unagonga ukuta. Wa kwako pia, wewe shujaa.

Tena mtu wa kweli hasimami akungoje. Anainamisha kidevu, unapiga utosi. Anageuka, unapiga meno. Kwenye filamu mwigizaji anasimamisha kichwa kabla hakijagusa, kamera inawekwa pembe ya kuficha nafasi iliyobaki, na ule mlio wa "pah" unaongezwa baadaye. Bombani hakuna wa kukuwekea pembe.

Mtasema: lakini wapo wanaojua. Ni kweli. Jirani zetu wa Eritrea na Ethiopia wana na jina lake kabisa, testa, neno la Kitaliano lenye maana ya kichwa. Hatubishi kwamba kichwa kinaumiza. Kwa sababu kinaumiza kweli, hata wanaopigana kwa pesa wamekikataa. Ndondi inakikataza. UFC ilipoanza mwaka 1993 kiliruhusiwa. Kufika 1997 wakakipiga marufuku. Mwaka 2002 Hasim Rahman aligongana vichwa na Evander Holyfield, uvimbe ukaota kwenye paji lake mpaka pambano likasimamishwa, akashindwa. Na hao wana daktari amekaa pembeni ya ulingo. Sisi pembeni tuna nani?

Na kile kichwa ambacho dunia nzima ilikiona? Berlin, tarehe 9 Julai 2006, fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya 110. Zidane alimpiga Materazzi kichwa cha kifua. Materazzi akaanguka, akaamka, akafunga penalti yake. Zidane akatoka na kadi nyekundu, hakucheza tena mechi ya ushindani maisha yake yote, na Ufaransa ikafungwa penalti 5 kwa 3. Tunaomba mtu atuonyeshe ni nani alishinda ugomvi ule.

Sasa ninyi, ndugu zetu wa mashirika, msicheke bado. Zamu yenu.

Mnatuita kwenye semina za amani. Chati ukutani, soda, picha ya pamoja. Mnatuambia vurugu ni mbaya. Ndugu zetu, hilo tulilijua tangu Masisi, tangu Bujumbura, tangu Mogadishu. Tusichokijua ni hiki: mtu akigongwa kichwa saa moja jioni, tumwangalie nini mpaka asubuhi? Hakuna aliyewahi kutuonyesha. Yule mwenzetu tulimwambia "lala, utaamka mzima," tukazima tochi. Tungeweza kuamka tukamzika.

Basi tunaandika wenyewe, na mtusambazie. Anatapika tena na tena. Kichwa kinazidi kuuma badala ya kupoa. Anauliza swali lilelile, hajui yuko wapi. Analala usingizi ambao hamwezi kumwamsha. Mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine. Mkono au mguu umelegea. Degedege. Maji au damu inatoka sikioni au puani. Ukiona hata moja, usingoje kuche: mwite VHT, tafuta gari au boda, aende kituo cha afya usiku huohuo. Shingo ikimuuma, msimsogeze ovyo. Hata akisema yuko sawa, siku hiyo asirudi uwanjani, na usiku asiachwe peke yake. Na kidonda kilichochanwa na meno kioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, halafu kionwe na daktari, maana mdomo una uchafu mwingi.

Kuna watakaotuita waoga. Waseme. Wengi wetu tulivuka mpaka bila cheti, bila viatu. Tulichofika nacho Nakivale ni kile kilichokuwa kichwani: lugha nne, hesabu, ufundi wa baba. Hicho ndicho unataka kukirusha kwenye meno ya mtu kwa ajili ya nafasi kwenye foleni?

Kibandani tutaendelea kwenda, hatuwezi kudanganya. Ila tuna ombi kwa VJ. Wewe unaongeza maneno yako kila siku, unamtania adui, unamsifu shujaa. Ongeza na hili: "Huyu naye usiku atatapika!" Watu watacheka, lakini watalikumbuka.

Na kwa mashirika, ombi moja tu. Semina ijayo tupeni siku nzima ya huduma ya kwanza, Juru, Rubondo na Base Camp, pamoja na mtu wa afya wa kutufundisha kwa vitendo. Chati mbaki nazo. Soda tutajinunulia.