Bahari Si Kioo Chako

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule. Mwaka 2017 niliandika shairi la tarbia, beti tisa, nikaliita "Bahari ya Huba". Ndani yake mlikuwa na wimbi (moyo wangu), lulu (yeye), nahodha (mimi, bila shaka) na dhoruba (wazazi wake). Nilipongezwa sana. Likizo moja nikalisoma mbele ya shangazi yangu kijijini, mashariki ya Unguja. Alikuwa amekaa barazani anafungua mafundo ya kamba za mwani. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo bahari iko wapi? Maana yetu hapa imeshakuwa maji ya moto."

Nikacheka. Nilidhani hajaelewa istiara.

Shangazi alianza kulima mwani mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kazi hiyo ingali mpya. Kilimo cha mwani cha biashara Unguja kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani. Uliokuwa na bei ni mwani mnene, ule wa kotoni, na huo hautaki joto. Maji yakizidi moto ncha zinageuka nyeupe, zinalegea, zinakatika, na asubuhi unaikuta kamba tupu kama hukufunga kitu. Unaovumilia kwenye maji mafupi ni mwani mwembamba, spinosamu, ambao bei yake ni ya chini. Anayetaka kotoni siku hizi anaambiwa aende maji ya kina, kwenye ubaridi. Wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea. Hebu isome sentensi hiyo mara ya pili, wewe ambaye kila diwani unazama katika kina cha macho ya mtu.

Hoja yangu ndiyo hii, na najua itawaudhi baadhi ya marafiki zangu: sisi watu wa fasihi ya Kiswahili tumeifanya bahari kioo. Tunaitazama ili tujione sisi. Mapenzi ni bahari, elimu ni bahari, maisha ni bahari, siasa ni chombo kinachokwenda mrama. Istiara hizi zilipozaliwa zilitoka kwa watu walioijua bahari yenyewe, waliojua kusi na kaskazi, matlai na tangambili, bamvua na maji mafu. Aliyesema moyo wake umo tangambilini alikuwa amewahi kukaa chomboni akingoja upepo ujulikane unakotoka. Sisi tumerithi ua tu. Mzizi tumeuacha majini, na maji yenyewe yanachemka.

Tena sitii chumvi. Katika joto la ziada linalonaswa na hewa ukaa na gesi nyinginezo, zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini, wala si huku hewani tunakolalamikia feni. Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata moto hadi matumbawe yakavitoa vile viumbe vidogo vinavyoishi ndani yake, vinavyoyalisha na kuyatia rangi. Yakabaki meupe kama mifupa, na mengi yakafa. Mwaka 2016 ikawa tena. Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba weupe huo umeenea dunia nzima, kwa mara ya nne tangu waanze kuhesabu. Na maji yakipata moto hutanuka. Ongeza barafu ya nchi kavu inayoyeyuka Greenland na Antaktika, na usawa wa bahari duniani umepanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwaka 1901. Shubiri moja! Utasema shubiri ni nini. Muulize mwenye shamba la mpunga mwambaoni, ambako nchi ni bapa na bamvua halihitaji kusogea sana.

(Hata neno letu "tabianchi" linanikera. Nalitumia, sina jingine, lakini jambo hili kwa sehemu kubwa limo majini na sisi tumelipa jina la nchi kavu.)

Nitaambiwa fasihi si taarifa ya hali ya hewa. Nakubali, wallahi. Tena nitakutangulia: hizo tungo tulizo nazo za "mazingira" ni mbaya kuliko shairi langu la huba. Tunazijua. Zinaandikwa kwa mashindano, chini ya bango pana nembo ya mfadhili. Ubeti wa kwanza dunia inalia, wa pili mama anakata kuni, wa mwisho tupande miti jamani. Miti ipandwe, hasa mikoko, nani kakataa? Ila tazama aliyeshtakiwa ni nani. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, na kizimbani amesimamishwa bibi kizee na mzigo wake wa kuni. Makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne moja hayaitwi hata kama shahidi. Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla asingeifunga kesi namna hiyo. Angewasha kiko chake akauliza nani hasa aliyefaidika. Na angeuliza vilevile habari za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, hadi Chongoleani, Tanga, katika mkoa ule ule aliozaliwa Shaaban Robert. Swali hilo ni letu, wala tusimsingizie mzungu.

Amitav Ghosh alilalamika mwaka 2016, katika The Great Derangement, kwamba riwaya ya kisasa imeshindwa kulibeba jambo hili kwa kuwa imezoea mambo ya kawaida, na dhoruba kubwa ndani yake inaonekana kama kioja. Huenda ni kweli kwa wenzetu. Kwetu udhuru huo haupo. Kusadikika ni nchi iliyo hewani, na hakuna msomaji aliyekataa kuingia. Sisi vioja tunaviweza. Tulichopungukiwa ni kuteremka ufukweni maji yakitoka.

Kwani visa vimekosekana? Chukua kimoja. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Oman karibu na Salalah. Oktoba mwaka huo huo kikaja Luban, kikapiga Yemen. Mvua zao zikaingia hadi kwenye jangwa la Rub' al-Khali, mahali ambapo mchanga hukaa miaka bila kulowa. Pakaota majani. Nzige wakazaana humo, kizazi juu ya kizazi, pasipo mtu wa kuwaona. Wakaingia Yemen yenye vita, wakavuka kwenda Somalia na Ethiopia, na mwisho wa Desemba 2019 walikuwa Kenya, kwa wingi ambao nchi hiyo haikuuona kwa miaka 70. Miezi hiyo hiyo upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa mashariki, kwa tofauti kubwa isiyo ya kawaida: kwetu mafuriko, Australia moto. Maji ya moto, kimbunga, jangwa lililochanua, vita, wingu la wadudu juu ya shamba la mtama. Ni riwaya nzima hiyo, na mhusika mkuu wake ni bahari, yenye mwendo wake na isiyojua kama kuna mtu anapenda au ameachwa.

Sisemi kila tufani ni ya zama hizi. Kimbunga kiliipiga Zanzibar mwaka 1872, na Lindi mwaka 1952. Ila bahari yenye joto zaidi inakipa kimbunga chakula zaidi, na kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mwaka 2019 Msumbiji ilipigwa na Idai mwezi Machi, na wiki sita baadaye na Kenneth, kilichoangukia Cabo Delgado na kubomoa nyumba za kisiwa cha Ibo, kwa watu wa Kimwani, lugha ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Wadachi walipoivamia Mrima, Hemedi bin Abdallah aliwatungia utenzi, vita vikaingia kwenye kumbukumbu kwa vina na mizani. Utenzi wa Kenneth uko wapi? Nimeutafuta, sikuuona. Nilichokiona, mwaka ule wa Hidaya, ni mshairi mmoja mtandaoni aliyeandika kwamba yeye ana kimbunga moyoni.

Shairi langu nimelitoa kwenye mswada. Limebaki pengo la kurasa mbili, na mhariri ananiuliza nitaweka nini. Sijamjibu. Shangazi kotoni ameshaiacha. Ana kamba chache za spinosamu, na magoti hayamruhusu kwenda kina. Mwezi ujao, siku za bamvua, nitateremka naye na daftari. Nilipompigia simu kumwambia, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Njoo, mwanangu. Lakini uje na viatu, shefu wamejaa."