CS: kituo cha afya ao shule?

Herufi mbili, CS, zinaandikwa pahali pengi kusini mwa Maniema. Kwa muuguzi ni centre de santé, ndiyo kituo cha afya. Kwa mwalimu ni complexe scolaire, shule yenye kuunganisha msingi na sekondari. Mpenda mupira atafikiri kwanza CS Don Bosco ya Lubumbashi, na huko ni cercle sportif.

Aliyesoma Kifaransa anatambua upesi. Lakini mama anayetoka kijiji cha mbali na mtoto mwenye homa kali mgongoni, akiambiwa tu afuate kibao cha CS, anaweza kujikuta mbele ya mlango wa shule. Tena usiku. Malaria haimungojei.

Jambo hili linashangaza zaidi Kasongo. Ni hapo, tangu 1971, waganga wakisaidiwa na taasisi ya Antwerp, Ubelgiji, walijaribu utaratibu wa vituo vidogo vya afya vyenye kuzunguka hospitali moja. Mfano huo ulisaidia kuchora zone za afya za inchi nzima katika miaka ya 1980.

Na Kiswahili si kigeni: kilisemwa sokoni Nyangwe mbele Livingstone afike, 1871. Maneno "Kituo cha afya" yanaenea kwenye kibao kile kile, kwa rangi kidogo tu. Wakubwa wa afya waanze na vibao vya barabarani, toka Nyangwe mpaka Kabambare. AS, yaani aire de santé, ambayo wengi wanaisoma kama timu ya mupira, inaweza kungoja.