Vilakazi Si Jina la Mtaa

Ukimtaja Vilakazi mbele ya wanafunzi wa fasihi, wengi watakutajia mtaa wa Soweto walikoishi Nelson Mandela na Desmond Tutu. Mwenye jina hawamjui. Nasema hili si jambo dogo, hasa kwa idara za Kiswahili.

Benedict Wallet Vilakazi alizaliwa Groutville, Natal, mwaka 1906. Diwani yake Inkondlo kaZulu ilitoka 1935, na Amal'ezulu 1945. Alifundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa cheo cha msaidizi tu, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1946 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza nchini mwake kutunukiwa udaktari. Alifariki 1947, kamusi aliyoiandaa na C. M. Doke ikachapishwa mwaka uliofuata.

Wapo wanaomwita mwigaji kwa sababu alijaribu kutia vina katika ushairi wa Kizulu. H. I. E. Dhlomo alilipinga jambo hilo waziwazi. Lakini tazameni ajabu yake: kule vina viliitwa ugeni, kwetu, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kuacha vina ndiko kulikoitwa ugeni! Basi ugeni haumo katika kina. Mshairi apimwe kwa anachokisema na kwa lugha anayoisemea, na Vilakazi aliwasemea wachimba migodi kwa Kizulu, si kwa Kiingereza.

Hapa ndipo ninapogombana na mitaala yetu. Somo la fasihi ya Afrika limejaa walioandika Kiingereza na Kifaransa. Aliyeshikilia lugha yake anaadhibiwa kwa kutosomwa. Tutawezaje kudai Kiswahili kiheshimiwe huku tukimfanyia Mzulu yale tunayoyalalamikia?

Nitaambiwa kwamba tafsiri za Kiingereza zipo. Zipo, lakini Kizulu na Kiswahili ni ndugu: umuntu ni mtu, amanzi ni maji, inyama ni nyama. Kwenda kwa ndugu yako kwa kuzungukia London ni safari ya mtu aliyesahau njia ya nyumbani.

Wahadhiri wetu, fungueni somo la Kizulu, hata la muhula mmoja. Wenzangu, tujifunze, kisha tumtafsiri Vilakazi moja kwa moja. Mtaa amekwisha kupewa. Anachodai sasa ni wasomaji.