Tusibomoe kanisa kongwe kwa sababu ya vigae

Ukienda harusi Kisii au Nyamira siku hizi, picha kali zote hupigwa nje, kwenye maua na magari. Ndani ya kanisa ni nadra mtu kuinua macho.

Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka wa 1911. Kanisa kuu la Kisii limepewa jina la Karoli Lwanga, kijana wa Uganda aliyeuawa kwa imani yake mwaka wa 1886. Hiyo ni historia yetu.

Cheki Zanzibar. Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lilianza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Ndani kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walikosea Askofu Steere akiwa hayupo. Ziliachwa vivyo hivyo. Leo wageni hulipa kuziona.

Sisi je? Harambee ikiitishwa, wazo la kwanza ni kubomoa, tuweke vigae na dari ya jipsamu. Hatusemi waumini wanyeshewe. Paa likivuja, lirekebishwe. Watu wakizidi, jipya lijengwe kando, na altare yake ichongwe kwa mawe yetu ya Tabaka. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 pia inaruhusu majengo ya kihistoria kulindwa.

Jumapili hii, piga picha dirisha, mlango, jiwe la msingi. Kisha muulize sokoro au magokoro ni nani waliobeba mawe yale. Wakishaondoka, na kanisa likishabomolewa, utamuuliza nani?