Mchoro wa Dodoma na Vihamba vya Akheri

Shamba la kahawa na migomba likikatwa viwanja pale Akheri, barabara itapita wapi, na nani ataipanga? Kabla ya kujibu, twende kwanza Dodoma, kwa Mmarekani ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia.

James Rossant, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa msanifu majengo na mpangaji miji. Miaka ya 1960, yeye na mwenzake William Conklin walisanifu kitovu cha kwanza cha mji mpya wa Reston, jimboni Virginia. Mwaka 1966 alishiriki kuandaa mpango wa kusini mwa Manhattan, New York. Baadaye ofisi yao ikapewa kazi ya kuchora kitovu cha makao makuu ya Tanzania.

TANU ilipitisha uamuzi wa kuhamia Dodoma mwaka 1973, na kampuni ya Kanada ikatoa mpango kabambe mwaka 1976. Mchoro wa akina Rossant ulifuata miaka ya 1980, wakati nchi ikiwa hoi kiuchumi baada ya vita vya Kagera. Kazi ikalala. Serikali ilipohamia kweli, baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016, wizara zilijengewa Mtumba, nje ya mji.

Kalamu ilikuwa ileile. Reston ilisimama kwa sababu ardhi ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Robert Simon, na ujenzi ukaanza mara moja. Dodoma ardhi ilikuwa chini ya CDA, lakini fedha hazikuwepo.

Akheri ni kugumu zaidi: kila kihamba kina mwenyewe. Mpango kabambe wa Arusha wa 2035, ulioandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, ulivuka mipaka ya jiji hadi Meru. Nasi Wameru tunajua uchungu wa kuamuliwa ardhi yetu bila sisi: baada ya watu kuhamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alilifikisha shauri Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Leo hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iite mkutano wa wananchi. Ukiitishwa, tuhudhurie. Na kabla ya kuuza kipande cha kihamba, tuulize halmashauri barabara na mfereji vitapita wapi. Nyumba ikishasimama njiani, mchoro hautaihamisha bila machozi.