Nyumba Njema Si Mlango: Kwa Nini Nyumba Kongwe ya Mashambani Ikaguliwe Kabla ya Kununuliwa

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asimpime mwenziwe kwa sura wala kwa mavazi. Hata hivyo, hakuna kinachozuia kuichukua jinsi ilivyo, kwa maana ya nyumba halisi yenye msingi, kuta na paa. Mnunuzi wa Kenya amejifunza kuichunguza hatimiliki, ila bado hajajifunza kuichunguza nyumba. Makala haya yanashikilia kwamba nyumba kongwe ya mashambani haifai kulipiwa hata arbuni kabla ya kukaguliwa kwa kina na mjuzi wa majengo, na kwamba anayeupuuza ukaguzi huo huweka rehani akiba ya maisha yake.

Uangalifu wa Wakenya kuhusu hati una chanzo chake. Visa vya watu kuuziwa mashamba ya wenyewe, au shamba moja kuuzwa kwa watu watatu, vimewafunza wengi. Ndiposa mnunuzi mwenye busara hufika katika afisi ya usajili wa ardhi kupekua sajili, humwita mpima ardhi kuonyesha mipaka, huwauliza majirani na mzee wa kijiji, na huhakikisha kuwa mke au mume wa muuzaji ameridhia. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 humlazimu kupata idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, la sivyo mauzo yenyewe hubatilika. Haya yote ni mema. Lakini hatua hizo zote hujibu swali moja tu, nalo ni: mali hii ni ya nani? Hakuna hata moja inayouliza kama mali yenyewe ingali nzima. Sajili ya ardhi haitaji mchwa. Ramani ya mipaka haionyeshi ufa.

Upungufu huu una mizizi katika desturi. Katika jamii nyingi za Kenya, nyumba ya kijijini haikuwa bidhaa. Mtu alirithi ardhi kwa babaye, akajenga mwenyewe kwa msaada wa jamaa na majirani, na aliyeishi ndani yake alijua kila nguzo ilikotoka. Ujuzi wa nyumba ulirithiwa pamoja na nyumba. Hali ni tofauti pale ambapo warithi wanaishi Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na wanaamua kuiuza nyumba ya marehemu mzazi wao kwa mtu wa mbali. Mnunuzi huyo huipata nyumba bila historia yake. Hajui ni lini paa lilibadilishwa, ni chumba gani huvuja masika, wala kwa nini ukuta wa jikoni ulipigwa lipu upya mwezi uliotangulia mauzo. Pengo hilo la ujuzi ndilo ambalo ukaguzi unanuiwa kuliziba.

Sheria nayo haimkingi kama anavyodhani. Mtu anaponunua redio kwa mfanyabiashara wa redio, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, humpa kinga fulani iwapo redio hiyo haifai kwa matumizi yake ya kawaida. Ardhi na nyumba iliyo juu yake si bidhaa kwa mujibu wa sheria hiyo. Anayenunua nyumba kongwe huongozwa na kanuni ya zamani isemayo kuwa mnunuzi ajihadhari. Muuzaji akidanganya waziwazi anaweza kushtakiwa, lakini akinyamaza tu, kwa kawaida kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa uongo. Isitoshe, mikataba mingi hutamka kuwa nyumba inauzwa jinsi ilivyo, na kwamba mnunuzi ameiona na kuridhika nayo. Kwa hiyo, anayetia saini bila kukagua hukiri kwa mkono wake kwamba ameridhika na asichokijua. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni nini basi ambacho jicho la kawaida haliwezi kukiona? Chukua mfano wa nyumba za mawe katika vijiji vya visiwa vya Lamu, kama vile Siyu, Pate na Shela. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa ina sifa ya kupitisha unyevu: ukuta hunywa maji na kuyatoa tena kwa hewa. Mwenye nyumba anapoufunika ukuta huo kwa lipu ya saruji ili ung'ae, unyevu hukosa njia ya kutokea. Chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu na kuyamomonyoa mawe polepole. Mgeni huona ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe, ilhali mkaguzi huugonga, akasikia mlio wa uwazi, akajua kuwa lipu imeachana na jiwe.

Boriti nazo zina siri yake. Sehemu ya kati ya boriti yaweza kuwa imara huku ncha yake, iliyozama ukutani, ikiwa imeoza au imeliwa na mchwa. Hapo mkaguzi hudunga ncha hizo kwa bisibisi, hasa karibu na mahali paa linapovuja. Vilevile huuliza juu ya vyumba vilivyopanuliwa. Vyumba vya nyumba hizi vilikuwa vyembamba, aghalabu visivyofikia mita 3 kwa upana, kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ukikuta ukumbi mpana katika nyumba ya aina hiyo, swali la kwanza ni ukuta upi ulioondolewa na ni nini sasa kinachobeba dari. Fauka ya hayo, iko Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Jengo lililotangazwa kuwa turathi chini ya sheria hiyo halibadilishwi kwa hiari ya mwenyewe tu. Mnunuzi anayepanga kubomoa na kujenga upya afaa ajue hilo kabla ya kulipa.

Bara pana kasoro za namna nyingine. Katika nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Molo na Kitale, zingalipo nyumba za mawe zilizojengwa na walowezi kabla ya uhuru wa mwaka 1963, ambazo zimepitia mikono mingi tangu hapo. Sakafu za mbao huinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite chini yake, na matundu ya hewa yakizibwa na udongo au maua, mbao huoza zisionekane. Nyaya za umeme za zamani zilifunikwa kwa mpira unaokauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita, na hiyo ni hatari ya moto. Mabomba ya chuma huziba kwa kutu ndani kwa ndani. Baadhi ya majengo ya zamani yaliezekwa kwa asbesto, ambayo ikivunjwa au kukatwa hutoa nyuzinyuzi zinazosababisha maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani. Kuliondoa paa la namna hiyo si kazi ya kijana mwenye nyundo. Huhitaji utaratibu maalumu, na gharama yake inafaa kuingizwa katika hesabu ya bei.

Hata nyumba ikiwa nzima, ardhi inayoibeba yaweza kuwa na neno. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ulioko katika nyanda za Athi, Mwea na Kano, huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Nyumba yenye msingi mfupi hupanda na kushuka pamoja nao hadi kuta zikatatuka. Ufa wa aina hiyo ukijazwa saruji hurudi msimu unaofuata. Mkaguzi huutofautisha ufa wa lipu tu na ufa unaopita katika mawe, akaupima upana wake, na akatazama kama milango na madirisha yangali yakifungika vyema. Maji pia ni sharti yachunguzwe. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiasi, ambayo huharibu meno na mifupa, na kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo ni hatari popote pale. Aidha, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, yakiwemo Naivasha na Baringo, yalipopanda sana mwaka 2020, yalifunika makazi yaliyokuwa na kuta imara kabisa. Ukaguzi usiotazama bonde, mto na mteremko ni nusu ya ukaguzi.

Wapo watakaosema kuwa benki ikitoa mkopo, basi nyumba imeshakaguliwa. Dhana hii ni potofu. Mthamini anayetumwa na benki hukadiria bei ambayo mali ingeuzwa endapo mkopaji angeshindwa kulipa. Kazi yake ni kuilinda benki. Hana sababu ya kutambaa darini wala kufukua pembeni mwa msingi. Mpima ardhi naye hupima mipaka. Anayehitajika ni mkaguzi wa majengo au mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mnunuzi na kuwajibika kwa mnunuzi, na ambaye ataandika ripoti yenye picha, orodha ya kasoro, uzito wa kila kasoro na makadirio ya gharama za kuzitengeneza.

Wengine watadai kuwa fundi wa kijiji anatosha. Hoja hii haifai kudharauliwa. Fundi mkongwe wa Lamu anaijua chokaa kuliko wahandisi wengi waliosomea saruji, na fundi wa Molo anajua upepo hupiga paa kutoka wapi. Mkaguzi mwerevu humtafuta fundi kama huyo na kumsikiliza. Tatizo ni kwamba fundi ndiye atakayepewa kazi ya ukarabati, na pengine ni jamaa ya muuzaji. Maneno yake ya mdomo hayawezi kupelekwa kwa wakili. Ujuzi wake na uhuru wa mkaguzi vinahitajiana.

Pingamizi kubwa zaidi ni gharama. Mnunuzi ambaye tayari amemlipa wakili, mpima ardhi na ushuru wa stempu huona ada ya mkaguzi kuwa mzigo wa ziada. Lakini ada hiyo ilinganishwe na kitu gani? Kwa kawaida arbuni pekee huwa asilimia 10 ya bei. Nyumba ikiuzwa kwa shilingi 6,000,000, arbuni ni shilingi 600,000, na paa likihitaji kuezuliwa lote, mnunuzi atatafuta fedha nyingine ambazo hakuzipangia. Fikiria mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60, akatoa kiinua mgongo chake chote kununua nyumba ya kupumzikia. Huyo hana mwaka mwingine wa mshahara wa kurekebisha kosa. Kwake yeye, paa bovu si usumbufu wa muda. Ni uzee wa kuhemea kodi ya nyumba ya kupanga ilhali ana hatimiliki mkononi. Tena ripoti huweza kujilipia yenyewe, kwani mnunuzi aliye na orodha ya kasoro ana msingi wa kuomba bei ipunguzwe, au muuzaji azitengeneze kwanza, au wao wawili waagane kwa wema kabla fedha hazijatoka.

Kuna pia suala la heshima. Mashambani, kumleta mgeni apande darini na kudunga boriti za mzee huweza kuonekana kama kumtuhumu. Dawa yake ni kauli njema na mapema. Mnunuzi amweleze mzee kuwa ukaguzi ni sehemu ya utaratibu, kama ulivyo upekuzi wa hatimiliki ambao leo haumwudhi mtu yeyote, na kwamba atagharamia marekebisho ya kila kitakachofunguliwa. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza. Akikataa katakata nyumba yake isitazamwe, kukataa huko ni ripoti tosha.

La mwisho linahusu lugha. Ripoti nyingi za kitaalamu nchini huandikwa kwa Kiingereza kizito, zikamwacha mnunuzi akitegemea muhtasari wa dakika tatu kwa simu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha hii haina uhaba wa maneno ya nyumba: msingi, kizingiti, boriti, kenchi, lipu, chokaa, sakafu, kingo na mengineyo mengi yamekuwa midomoni mwa mafundi tangu jadi. Mnunuzi anayo haki ya kuomba ripoti iandikwe au isomwe kwake kwa lugha anayoielewa, na vyuo vinavyofundisha Kiswahili vina wajibu wa kuwaandaa watu wa kuiandika. Ripoti isiyoeleweka haimkingi aliyeilipia.

Inapendekezwa basi kwamba mawakili wawashauri wateja wao kuweka katika makubaliano ya awali kipengele kinachoufanya ununuzi utegemee matokeo ya ukaguzi, na kwamba ukaguzi wenyewe ufanywe, ikiwezekana, wakati wa mvua, kwa kuwa paa na msingi husema kweli siku hizo. Wahenga walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayenunua nyumba kongwe, kazi ya kwanza ni kuuona ufa huo ungali wa mwenyewe, kabla haujawa wake.